Upinde mrefu, rikavu au upinde wa farasi: anayeanza achukue upi?

Anayetaka kuanza upinde wa asili karibu kila mara anaanzia kwenye sura, nichukue ule mrefu ulionyooka, au ule wenye ncha zilizojikunja mbele, au ule mfupi wa wapanda farasi? Nitalijibu hilo, tena kwa upendeleo kabisa, ila naomba kwanza tuongelee uzito, yani nguvu ya kuuvuta inayopimwa kwa paundi, maana uzito ndo unaoharibia watu kuliko sura.

Upinde wa asili hapa namaanisha ule usio na makorokoro. Hauna saiti ya kulengea, hauna vile vyuma virefu vya kuutuliza, hauna magurudumu kama ya kompaundi, ule upinde wa kisasa, yanayokupunguzia mzigo ukishafika mwisho wa kuvuta. Kwenye kompaundi ukishavuta unabaki umeshikilia sehemu ndogo tu ya uzito, huku kwenye wa asili ukivuta paundi 30 unazishikilia zote 30 mpaka unaachia. Kwa hiyo mtu aliyezoea kompaundi ya 60 akisema "basi mie nipeni wa 50 tu" ajue anaomba kitu kingine kabisa.

Paundi 25 au paundi 40?

Kwenye bawa la upinde (mabawa ni zile sehemu mbili zinazopinda, la juu na la chini) utakuta pameandikwa kitu kama paundi 30 kwa inchi 28. Maana yake ukiuvuta mpaka inchi 28 utakuwa umeshikilia paundi 30. Ukiwa na mikono mifupi ukaishia inchi 26 unaweza kuwa kwenye 25 hivi, na mwenzio anayefika inchi 30 yuko kwenye 35, upinde uleule, maana kila inchi inaongeza au kupunguza paundi mbili tatu. Kujua mvuto wako, yani umbali unaofika ukivuta kamba mpaka mwisho, nyoosha mikono pembeni, mtu akupime kuanzia ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja mpaka cha mkono mwingine, alafu gawa kwa 2.5. Sentimita 178 zinakupa 71, ambazo ndo inchi 28. Ni makadirio lakini ya kuanzia yanatosha.

Sasa 25 au 40. Mtu mzima wa kawaida aanze 20 mpaka 25, mwenye nguvu zake 30, basi. Najua kuna mtu ananyanyua vyuma kila siku anasoma hapa anacheka, ila misuli inayovuta upinde ni ile ya mgongoni katikati ya mabega na wengi wetu haijawahi kufanya kazi hiyo hata siku moja, kifua na mikono mikubwa havikusaidii sana. Upinde wa 40 mtu anaweza kuuvuta, hilo sibishi, anauvuta mara tano vizuri, ya sita bega linapanda, kichwa kinaufuata upinde badala ya kamba kuja usoni, ya kumi anaachia kabla hata mkono haujafika kwenye shavu kwa sababu mwili unataka kuutua huo mzigo haraka. Hiyo tabia ya kuachia mapema ikishaingia kuitoa ni kazi ya miezi. Wa 25 unakupa mishale mingi kwa siku na muda wa kuusikilizia mgongo wako unafanya nini. Kipimo changu ni rahisi, vuta mpaka mwisho, shikilia sekunde kumi, kama unatetemeka huo sio wako kwa sasa. Ila urudishe taratibu hivyo hivyo, usiachie kamba bila mshale! Upinde ukiachiwa mtupu ile nguvu yote inarudi kwenye mabawa na unaweza kupasuka mkononi mwako.

Rikavu au upinde mrefu

Hapa ndo pana mjadala wenyewe. Rikavu ni ule ambao ncha zake zinajikunja kwenda mbele na kamba inalala juu ya mabawa kidogo kabla ya kufika nchani. Upinde mrefu kamba inagusa nchani tu, ukiufunga unakuwa kama herufi D. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho ila mkononi ni vitu viwili.

Kwa spidi rikavu inashinda. Ule mkunjo unaweka nguvu zaidi kwenye mvuto uleule, kwa hiyo paundi 30 za rikavu kwa kawaida zinatupa mshale haraka kuliko paundi 30 za upinde mrefu wa D, na mshale ukienda haraka haupandi na kushuka sana njiani, ukikosea umbali kidogo unasamehewa. Alafu mpini wa rikavu ni mnene na mzito, ule uzito unatuliza mkono wako wa mbele ukiachia. Upinde mrefu ni mwepesi mno, unaubeba kutwa porini huchoki, lakini ukiachia unakugonga kiganjani, yani unasikia mtikisiko mpaka kwenye kiwiko. Ukitumia mishale mizito mtikisiko unapungua, maana mshale unabeba nguvu nyingi zaidi na kinachobaki kwenye upinde ni kidogo.

Kwa kusamehe makosa, wengi wanasema upinde mrefu ndo unasamehe. Wana hoja. Bawa lake ni nene na jembamba kwa upana, halipindi kiubavu kirahisi, kwa hiyo ukiachia vibaya kidogo halichezi, wakati bawa la rikavu lile pana na bapa ukivuta kamba kwa pembeni linakuonyesha kosa lako palepale kwenye shabaha. Upande mwingine rikavu nyingi mpini wake umechongwa mpaka karibu na katikati, mshale unatoka karibu umenyooka na kamba, na hiyo inakupa uhuru kwenye kuchagua mishale. Upinde mrefu wa kizamani haujachongwa hivyo, mshale unaanza ukiwa umeangalia pembeni na lazima ujipinde kuuzunguka mpini ndo urudi kwenye mstari. Mshale mgumu mno haujipindi vya kutosha unaenda kushoto, laini mno unaenda kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia. Anayeanza hawezi kujua kama kosa ni lake au ni la mshale, na hii kwangu ndo hoja nzito kuliko mtikisiko.

Lakini kilichonifanya niegemee rikavu kwa anayeanza ni kingine kabisa, ni bolti mbili. Rikavu za kufungua zinakuja vipande vitatu, mpini na mabawa mawili, unaanza na mabawa ya 25, misuli ikikubali unanunua mabawa ya 30, baadaye 35, mpini unabaki uleule mkono umeshauzoea. Upinde mrefu wa kipande kimoja ukikua unanunua upinde mzima upya, na ndo maana watu wananunua "wa kukulia", wa 45, wakae nao maisha, alafu unatundikwa ukutani. Kuna rikavu ambazo mabawa yake yanafungwa kwa mfumo unaoitwa ILF, hizo mabawa ya kampuni hii yanaingia kwenye mpini wa kampuni ile, ni gharama zaidi kuanzia ila uchaguzi unakuwa mpana. Zile za bolti za kawaida uhakikishe kabla hujanunua kwamba mabawa ya ziada ya modeli hiyo yanauzwa peke yake, usidhani tu.

Urefu pia uangalie. Rikavu ya inchi 62 mpaka 66 inamfaa mtu wa mvuto wa 28 bila shida, ukiwa mrefu nenda 66 au 68. Upinde mfupi kwa mtu mrefu unafanya vitu viwili, kamba inabana vidole kwa sababu pembe yake inakuwa kali, na inchi za mwisho uzito unapanda ghafla kama umegonga ukuta. Pinde ndefu zenyewe huwa 66 mpaka 72 kwa hiyo hapo ziko salama, ni laini kuvuta mpaka mwisho, hili nawapa.

Na kuna wa katikati, upinde mrefu ambao ukiwa haujafungwa umejikunja kidogo mbele na nyuma, ukifungwa bado kamba inagusa nchani tu. Una spidi inayoikaribia rikavu, haugongi kiganja sana, mpini wake una rafu nzuri ya kulaza mshale. Kama moyo wako uko kwa upinde mrefu na hautaki kusikia habari za bolti basi chukua huu, usizidi paundi 30, usichukue ule wa D wa mti mtupu. Upinde wa mti mtupu bila faibaglasi ni kitu kizuri sana kukitazama na una masharti kama mkwe, usiuvute kuzidi inchi uliyotengenezewa, usimpe mwenye mikono mirefu ajaribu, usiuache umefungwa kamba kutwa, usiuache juani. Subiri kidogo.

Halafu kuna wanaotaka upinde mrefu kwa ajili ya historia. Nawaelewa, ile meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama 1545 ikaja kutolewa majini 1982, na ndani yake zilipatikana pinde ndefu zaidi ya 130 zikiwa nzima, nyingi zinakadiriwa kuwa za paundi 100 kwenda juu. Paundi mia! Wale walikuwa wanafundishwa tangu watoto. Historia uipende ila namba zao usizichukue.

Upinde wa farasi

Huu ni mfupi, inchi 48 mpaka 55 hivi, hauna rafu kabisa, mshale unalala juu ya mkono wako. Asili yake ni wapanda farasi wa Asia, Wamongolia, Waturuki na wengine, na zile za kale zilikuwa pembe ya mnyama tumboni (upande unaokuangalia wewe), mti katikati, mishipa ya mnyama mgongoni (upande unaoangalia shabaha), gundi, na miezi ya kusubiri ikauke. Za siku hizi nyingi ni faibaglasi iliyovishwa ngozi, bei zake mara nyingi ni ndogo na ndo maana anayeanza anavutiwa.

Kama mwalimu wako anafundisha huo, au una farasi, sawa, chukua. Kama uko peke yako na video, hapana. Sababu ni kwamba unajifunza mambo matatu kwa wakati mmoja. Mshale hauna pa kukaa kwa hiyo kila ukishika mpini tofauti kidogo mshale unaenda tofauti. Manyoya yanapita juu ya ngozi yako, na kile kiunzi cha unyoya pale kinapoanzia kama hakijazungushiwa uzi kinakukata kweli, vaa glavu. Alafu ukitaka kuutumia wenyewe walivyoutumia unavuta kwa kidole gumba chenye pete, na mshale unakaa upande wa kulia wa upinde badala ya kushoto, mfumo mzima umegeuka. Ukiuvuta kwa vidole vitatu kwa sababu ni mfupi vitabanwa. Ila niseme ukweli hauwezi kuudharau upinde mfupi, Wakorea kwenye mchezo wao wa asili wanalenga shabaha iliyo mita 145 kwa upinde wa aina hii, wakati ule wa Olimpiki na saiti zake ni mita 70.

Mishale, hapa usibane

Upinde wa kawaida na mishale mizuri unakufundisha, upinde wa kifahari na mishale mibovu unakuchanganya tu. Ukiwa na bajeti moja ikatie upande wa mishale kwanza.

Mti, alumini, kaboni, faibaglasi. Faibaglasi ni ya watoto kambini, mizito na migumu, tuiache. Mti unanukia vizuri, ni mzito kiasi kwa hiyo upinde unakuwa kimya, na kwenye mashindano ya dunia ya daraja la upinde mrefu ni lazima mishale iwe ya mti, ila kuipata kumi na miwili inayofanana uzito na ugumu ni shughuli, unyevu unaipinda, na utaivunja mingi wakati bado unajifunza. Kaboni imenyooka na inabaki imenyooka, inastahimili sana, lakini ikipata ufa ni hatari maana inaweza kupasuka ukiachia na vijiti vyake vikaingia mkononi, kila ikigonga kitu kigumu ipinde kidogo huku unaizungusha usikilize na uangalie. Alumini iko katikati, inafanana sana mmoja kwa mwingine, ikijikunja unaiona kwa macho, na iliyopinda kidogo inanyoosheka.

Mimi kwa anayeanza nasema alumini au kaboni, sita mpaka kumi na miwili, yenye manyoya ya ukweli. Ile ya plastiki nyuma usichukue kama unalaza mshale kwenye rafu, plastiki inagonga rafu na kuurusha mshale pembeni, unyoya unalala na kupita. Ugumu wa kaboni unaandikwa kwa namba, na namba kubwa ndo mshale laini, watu wanachanganya hapa kila siku (namba za alumini ni za unene wa mshale na wa ukuta wake, hazisomwi hivyo). Duka likikupa 400 kwa sababu "ndo inayouzwa sana" ujue hiyo ni ya pinde nzito, kwa 25 yako itakuwa kama unarusha nondo. Angalia jedwali la mtengenezaji, mara nyingi utaangukia 700 mpaka 1000, na iache mirefu usiikate, mvuto wako bado utabadilika miezi ya mwanzo. Uzito usishuke grein 8 (kipimo kidogo, gramu moja ni grein 15 hivi) kwa kila paundi ya upinde, 10 ni salama zaidi, yani kwa upinde wa 30 mshale mzima na ncha yake uwe gramu 19 hivi. Mshale mwepesi mno unaufanya upinde ujione kama umeachiwa mtupu.

Kushika kamba: kidole juu na viwili chini, au vyote vitatu chini?

Vyote vinakubalika. Ukiweka kimoja juu ya mshale na viwili chini unakuwa kwenye njia ya kizamani, pinde nyingi zimetengenezwa zikitegemea hivyo, na mbali inakwenda vizuri. Vitatu chini mshale unakuja karibu na jicho, unaona ulipoelekea, na kwa mita 10 mpaka 20 wanaoanza wanapata haraka. Naegemea vitatu chini kwa anayejifunza peke yake, ila alama ya kamba pale unapochomeka mshale ipandishe kidogo, la sivyo mshale unaruka kwenye rafu.

Kulenga nako pande mbili, kuna wanaotazama shabaha tu na kuachia mwili ujifunze wenyewe, na kuna wanaotumia ncha ya mshale kama kipimo, kwamba mita 15 ncha iwe chini ya katikati kiasi hiki, mita 20 kiasi hiki. Ya kwanza ina raha sana na inataka mishale mingi mno, ya pili inakupa kitu cha kurekebisha ukikosa. Kabla ya hizo zote simama mita 5 kutoka shabaha kubwa isiyo na alama yoyote, usilenge kabisa, usikilizie mwili tu, watu wanaliruka hili kwa sababu halina msisimko. Na kabla hata ya kununua upinde ujue jicho lako kubwa, yani lile linalotawala kwenye kulenga, ni lipi, elekeza kidole kwenye kitu cha mbali macho yote wazi, funga moja moja, jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami ndo lenyewe. Likiwa la kushoto na wewe unatumia kulia fikiria kwa makini kununua upinde wa mkono wa kushoto, mwanzoni kubadilisha sio kazi ngumu.

Glavu au kile kipande cha ngozi cha vidole? Kipande cha ngozi kinaachia kwa usafi zaidi, glavu haianguki na inakuacha huru kushika vitu. Chochote, ila usivute kwa vidole vitupu hata kama ni 20. Kinga ya mkono wa mbele ni lazima, kamba ikikupiga ndani ya kiwiko siku ya kwanza utaanza kuukunja mkono kwa woga bila kujua.

Mpya au uliotumika

Rikavu nyingi za zamani za kipande kimoja ni nzuri ajabu na zinauzwa rahisi, shida ni kwamba nyingi ni za 40 na 45, tumesharudi kule kule. Ukipata wa uzito wako, ufunge kamba kwa ile kamba maalumu ya kufungia, usiupitishe mguu katikati na kuupinda kwenye paja kama unavyoona kwenye video, hivyo ndo mabawa yanavyojipinda kiubavu. Ukishafungwa uangalie kwa nyuma ukiwa umeushika wima, kamba ipite katikati ya bawa la juu na la chini, ikienda pembeni bawa limepinda. Pitisha ukucha pembezoni mwa mabawa utafute mahali faibaglasi imeachana na mti. Mistari ya wima kando ya bawa, ule urefu wake, mara nyingi ni rangi tu, ila ya kukatiza bawa achana nao usijadiliane bei. Na upinde wa zamani ambao ncha zake hazijaimarishwa tumia kamba ya dakroni tu, zile kamba za kisasa zisizonyumbuka zinaweza kuzipasua ncha zake. Hata kama umekuja na kamba inayoonekana nzima, hiyo ibadilishe.